Uzi Mguuni mwa Yangeyange

Ndege mweupe ananishinda kumpiga picha kuliko ndege wengine wote. Kamera ikiona maji meusi ya bwawa hudhani kote ni giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua yakabaki meupe kama karatasi tupu. Hilo nililijua kwenye bwawa la Kiambere, baada ya kuharibu picha nyingi. Siku za wiki nilifundisha hisabati mjini Runyenjes. Jumamosi, kabla ya jua kupanda, nilikuwa nimeshateremka na pikipiki yangu hadi bwawani.

Pale ukingoni kulikuwa na mama mmoja aliyeparua samaki na kuwakaanga. Matumbo ya samaki alimtupia yangeyange mmoja aliyemzoea hata akawa anasimama hatua tatu tu kutoka kwenye kisu chake. Mama alimwita "huyu wangu."

Asubuhi moja aliniita hata kabla sijavua helmeti.

"Mwalimu, kuja uone. Huyu wangu ako na uzi kwa mguu."

Ulikuwa uzi wa nailoni, wa wavu uliotupwa. Ulikuwa umemzunguka juu kidogo ya vidole, sehemu iliyobaki ikiburutika nyuma. Mguu ulikuwa umevimba. Mama alisema amejaribu kumshika siku mbili, lakini kila akinyoosha mkono, ndege anaruka.

"Piga picha utumie wale watu wa kulinda wanyama. Wakiona, watakuja."

"Nitatuma leo leo, mama."

Nikapiga magoti kwenye matope. Wingu lilifunguka kidogo, mwanga ukaja kutoka ubavuni, laini, nikapunguza eksposha, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera, mara mbili mpaka kila unyoya ukaonekana peke yake. Nilipoangalia kioo cha kamera nilijua sijawahi kupata picha kama ile. Uzi nao ulikuwa unang'aa juu ya maji.

Jioni, mbele ya kompyuta, nilishusha weupe, nikainua vivuli, nikakata ukingo wenye makopo. Halafu nikabaki na ule uzi. Ulinikera. Nikachukua vipande vya maji ya kando, nikaufunika kidogo kidogo hadi ukaisha. Uvimbe nikautia giza. Mfanyabiashara mmoja wa Meru mjini alikuwa anatafuta picha za kalenda, nikamtumia hiyo.

Ile ya kwanza, yenye uzi, sikuituma kokote. Nilijiambia ni kwa sababu ya kusahihisha mitihani. Ukweli ni kwamba niliogopa ikionekana, watu wa kalenda watajua nilichofanya.

Sikurudi Kiambere hadi wiki ya tatu. Nilimbebea mama picha, nimeitia fremu. Akapangusa mikono kwa leso, akaishika kwa ncha za vidole, akaiangalia.

"Uzi uko wapi?"

"Niliutoa, mama. Kwa kompyuta."

"Na wale watu walisema nini?"

Nilimwambia sikuwatumia. Hakupiga kelele. Alisema Alhamisi iliyopita mvuvi mmoja alimwita, wakaenda na mashua hadi kwenye mti mkavu uliosimama majini. Uzi ulikuwa umejifunga tawini na ndege ananing'inia kichwa chini, bado anapiga mabawa. Mama alikata uzi kwa kisu cha samaki. Alimweka kwenye mapaja yake, lakini hawakufika ukingoni akiwa hai.

"Nilimzika pale nyuma," alisema. Akanirudishia fremu. "Hii peleka kwako."

Nilirudi nyumbani nikamtafuta yangeyange wa kweli kwenye kompyuta, yule wa uzi, nikawatumia wale watu wa wanyama picha hiyo pamoja na barua kuhusu nyavu zinazoachwa bwawani. Walijibu kwamba wameipokea. Sijasikia tena.

Kalenda ilitoka. Mwalimu mkuu aliitundika katika chumba cha walimu, na ulipofika mwezi wa ndege wangu, wenzangu walinipongeza, mmoja akaniuliza niliwezaje kupata mwanga kama ule. Nilimweleza habari za mawingu na eksposha. Hayo mengine sikuyasema.

Bado nashuka Kiambere baadhi ya Jumamosi. Mama ananiuzia samaki na kuitikia salamu, kisha anaendelea kuparua. Yangeyange wengine wapo, lakini wanasimama mbali, ng'ambo ya matete, ambako lenzi yangu haifiki vizuri.