Mchaichai usionukia ulivyonifanya nidhani pua ya mama imekufa

Wakuu, habari za jioni. Hii imenitokea mwenyewe hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu alikulia Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima. Kwake chai bila mchaichai si chai.

Alipohamia kwangu nikampandia shina nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi, pale tunapomwaga maji ya vyombo. Nikaweka na samadi. Ukastawi, majani mapana, kijani kibichi, kila mgeni anausifia.

Nikamchemshia. Akanywa, akashukuru, kikombe akakiacha nusu. Kesho yake vilevile. Akasema hasikii harufu yoyote.

Niliogopa sana. Marehemu baba alianza hivyohivyo, hasikii harufu, mwisho akatusahau hadi majina. Na mimi mafua hayaniishi, kwa hiyo pua yangu si shahidi.

Nikawa nampima kimyakimya. Leo nampitishia kahawa, kesho sabuni. Akanishtukia.

"Mwanangu, pua yangu nzima. Huo mchaichai wako ndio hauna kitu."

Sikuamini. Nikaenda kwa jirani, Mama Furaha, mtu wa kutoka Goma. Wake umeota kwenye mawe ya volkano, jua kali, hamwagilii, majani membamba yenye umanjano. Siku zote nilikuwa nauonea huruma!

Nikamweleza wangu ulivyo. Akacheka. "Bon, we unaipatia maji kila siku, na jua haiko. Arufu itatoka wapi?"

Nilikuja kuelewa kwamba ile harufu ni mafuta yaliyomo ndani ya jani. Kivulini na kwenye maji mengi jani linanenepa, mafuta yanakuwa haba. Halafu ukichemsha sufuria wazi, hata hayo kidogo yanaondoka na mvuke.

Nikauhamishia juani, kwenye mawe. Ukakonda, ukapoteza ule urembo wote. Asubuhi moja kavu nikakata, nikachemsha nimefunika.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Sikumwambia kitu. Nilipofunua tu sufuria nikamsikia:

"Nani kaja kutoka Karagwe?"

Nilisimama pale jikoni na mfuniko mkononi, nimefurahi mpaka machozi.

Nilichojifunza: mzazi akikwambia chai haina harufu, anza na shamba kabla ya kuanza na kichwa chake.

Mnaopanda mrehani na rozmari kwenye mvua zetu hizi, yenu inanukia kweli au ni kijani tu? Semeni ukweli.