Sindano na Maua ya Mama Mshonaji

Anazima pampu, na sebule nzima inanyamaza. Maji ndani ya tangi yanatulia taratibu, kama mtu anayemaliza kulia. Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya kioo anavuta uji mweupe wa chokaa kwenye bomba la sindano, anabana pumzi, kisha anazamisha mkono hadi kiwikoni.

"Usimguse," anamnong'oneza mgeni aliyekuja kumtazama akifanya kazi, bila kugeuka. "Ukimgusa tu anajifyata ndani ya jiwe, na leo humpati tena."

Anayesemwa ni anemoni, mnyama wa baharini mwenye umbo la ua, kimo cha kidole gumba, mwenye minyiri myembamba inayopepea majini. Ncha ya sindano inafika mdomoni mwake, katikati ya minyiri. Anasukuma polepole. Mnyama anajikunja, chokaa inamfunika, basi.

Wateja wake humwita Sindano. Kazi yake ni kutunza matangi ya samaki wa maji ya chumvi majumbani mwa watu. Anabadilisha maji, anakwangua mwani kwenye vioo, anapima chumvi. Ila kilichompa jina ni hawa anemoni wasumbufu. Huingia nyumbani wamejificha kwenye jiwe lililonunuliwa dukani, wakazaana kimyakimya, wakayachoma matumbawe kwa sumu ya minyiri yao hadi yakafa.

Mwenye sebule hii ni mshonaji mstaafu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi na maneno yasiyofungwa na kitu. Tangi si lake. Ni la mwanawe wa pekee, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo miaka minne iliyopita. Kabla ya kuondoka, kijana huyo aligundisha kwenye jiwe la katikati kipande cha tumbawe la kijani, kidogo kama kifungo cha koti.

"Akaniambia, Mama, nikirudi nilikute," anasema mshonaji. "Nikamwambia, nenda, utalikuta."

Tumbawe lilikua hadi likawa sawa na kiganja. Kisha mawe yakaanza kuota maua, na mshonaji akafurahi.

"Nilikuwa nawalisha, sikatai. Kila mmoja na kipande chake cha samaki. Walikuwa wananifungulia mikono. Hao samaki wenyewe wakiniona wanakimbia."

"Mwambie mgeni na habari ya mkasi, Mama," Sindano anachokoza.

"Wewe nawe. Niliona mmoja amebanwa, nikachukua mkasi wangu wa kukatia nyuzi nikamgawa, wapate nafasi. Wiki iliyofuata wamejaa hapo. Nikasema, kumbe mkono wangu una baraka."

Sindano anacheka mpaka anaweka bomba chini. Anemoni akikatwa, anaeleza, kila kipande kinachobaki kwenye jiwe huota kikawa mzima. "Mama alikuwa amefungua wodi ya wazazi humu ndani."

Mwana ndiye aliyegundua. Siku moja, wakizungumza kwa simu ya picha, alimwomba mama yake asogeze simu karibu na kioo. Upande mmoja wa tumbawe ulikuwa umebaki mfupa mweupe, umezingirwa na yale maua. Siku hiyohiyo akaanza kuulizia fundi.

Sindano anakumbuka alivyopokewa siku ya kwanza. "Nikamwambia, Mama, haya si maua. Akanijibu, basi wewe hujui maua."

Kazi kama hii haitaki pupa. Chokaa ikizidi hubadilisha maji, na samaki hulipa kosa la fundi. Kwa hiyo kila alipokuja alichoma wachache, akaondoka. Alileta pia kamba wadogo wenye mistari myekundu, ambao hula anemoni wachanga. Mshonaji aliwatazama kamba hao wakila kwa wiki nzima bila kuwasemesha.

Sasa amebaki mmoja, mkubwa kuliko wote, kwenye ufa nyuma ya tumbawe. Mshonaji alimpa jina la Bibi Harusi. Sindano alimwacha wa mwisho makusudi, kwa kuwa kila alipomsogelea, mshonaji alikumbuka kitu jikoni.

Anajaza bomba upya. Safari hii mshonaji hajaenda jikoni.

"Nipe mimi," anasema.

"Mama, pale ni pembamba. Ukiligusa tumbawe..."

"Mwanangu, nimeanza kushika sindano wewe hujazaliwa. Nipe."

Anakunja mkono wa gauni, anavua pete, anazamisha mkono. Hautikisiki hata chembe. Anemoni anaachama kama kawaida yake, akidhani ni samaki. Mshonaji anasukuma.

Chokaa inamfunika Bibi Harusi. Anapotoa mkono, maji yanamtiririka hadi kwenye magoti.

"Nilikuwa namweleza huyu habari za nyumbani," anasema. "Yule wa ng'ambo, nikianza tu kueleza, simu inakatika."

"Najua, Mama." Sindano anampa taulo, kisha anawasha pampu.

Jioni hiyo, Sindano akiwa hajaondoka, mwana anapiga simu. Mama anaibandika simu kwenye kioo kana kwamba kijana ataweza kupita. Pembeni mwa mfupa mweupe, nyama changa ya kijani imeanza kutambaa.

"Limepona," sauti inasema kutoka mbali.

"Limepona. Wewe unarudi lini?"

"Mkataba ukiisha, Mama."

"Ulisema hivyo kwenye ule mwingine."

Kisha kijana anasema jambo ambalo watunza matumbawe wote hulijua: tumbawe unalolipenda hukai nalo peke yako. Unamkatia mwenzako kipande, ili lako likifa, ukaombe kwake. "Mkatie Dada Sindano," anasema. "Tusiliweke mahali pamoja."

Sindano anajifanya kupanga vifaa vyake. "Bado," anasema, ameinamisha uso. "Tuliache kwanza lizibe hapo peupe."

Katika kazi yote hii, Sindano hajawahi kuwa na tangi lake mwenyewe lenye maji. Anaishi chumba kimoja cha kupanga na binti yake. Kwenye kona lipo tangi la kioo alilopewa na mteja aliyehama. Ndilo kabati lao, sare za shule upande huu, kanga na shuka upande ule. Anaosha matangi sita kwa wiki, na anasema kodi ikishatoka, kinachobaki hakitoshi kufuga samaki.

"Mimi tangi naliona likiwa limevurugika," anasema. "Nikimaliza, linakuwa na vumbi la mchanga, huoni kitu. Linakuja kutakata baadaye, samaki wametoka, matumbawe yamefunguka. Saa hiyo mimi niko barabarani na ndoo zangu. Ningependa siku moja niwe nimekaa tu, nikilitazama."

Mwenye nyumba anamopanga, ambamo umeme ni wa kuchangia, amemruhusu pampu moja ndogo na taa. "Aliniuliza kama hao samaki nao watalipa kodi. Nikamwambia kwanza ni tumbawe, halina makelele, halipokei wageni."

Jumapili iliyofuata alihamishia nguo kwenye sanduku. Akaosha kioo, akajaza maji ya bomba aone kama panavuja. Hapakuvuja.

Binti yake akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Mama, tunaangalia nini?"

"Pale katikati," Sindano akamwonyesha kwa kidole. "Ndipo litakapokaa."

Wakabaki wanapatazama, mpaka maji yakatulia kabisa.