Vyanzo vya Likawage

Nilifika Likawage miguu ikiwa imevimba kwa kukaa kwenye mabasi. Nilitoka Tunduma, ambako kazi ya kupanda minara ya simu ilikuwa imeisha, nikapita Mbeya, Iringa na Dar es Salaam, halafu nikashika njia ya kusini mpaka Nangurukuru. Karibu kila mji njiani niliwahi kuishi, au kutamani kuishi. Makambako nilikuwa na chumba ambacho hadi leo nikifumba macho naliona pazia lake la buluu. Kutoka Nangurukuru nilipanda fuso lililobeba mabati na soda. Tulipofika Mitole tukashusha mabati, tukaendelea na vumbi.

"Kule ndani unaenda kufanya nini?" dereva akauliza.

Nikamwambia kuna kituo cha kusikiliza anga, wanataka mtu wa kutunza nyaya.

"Anga inasema nini?"

"Ndiyo nakwenda kujua."

Nilitegemea kukuta darubini kubwa. Nilikuta uwanja uliofyekwa, wavu wa chuma umetandazwa chini, na juu ya wavu antena zilizonifika kiunoni, kama mbavu za miavuli iliyochanika. Pembeni palikuwa na kontena lenye kompyuta. Pale palichaguliwa kwa sababu simu haikamati. Mimi niliyetumia ujana wangu kupeleka mtandao vijijini, sasa nilikuwa nalipwa nifurahie usipokuwepo.

Mkuu wa kituo alikuwa dada mmoja mwanafizikia, mdogo kwangu kwa umri, mcheshi, asiyekasirika ukimuuliza jambo lile lile mara ya tatu. Alinieleza kwamba vitu vya angani hutoa mawimbi ya redio kama vinavyotoa mwanga, ila macho hayayaoni. Antena huyakusanya, kompyuta huyageuza kuwa picha ya kijivu yenye madoa meupe. Kila doa huitwa chanzo. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha kila chanzo: kiko upande gani wa anga na kina nguvu kiasi gani. Nilidhani ni nyota. Kumbe vingi ni galaksi zilizo mbali kuliko nyota yoyote tunayoiona kwa macho.

Kompyuta ilifanya sehemu kubwa, na ikishindwa ilituachia. Kilichoishinda zaidi ni mapacha. Kuna galaksi zinazorusha mawimbi pande mbili, kwa hiyo unaona madoa mawili na galaksi yenyewe katikati huioni. Hayo mawili ni chanzo kimoja. Lakini kuna madoa mengine yamekaa jirani kwa bahati tu, kama abiria wawili kwenye kiti kimoja, wala hawajuani.

"Tafuta uzi," mkuu aliniambia. Kama ni kimoja, mara nyingine kuna uzi hafifu unaoyaunganisha. Nikawa natafuta nyuzi mpaka kwenye madoa ya ukuta.

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipokaribia, tulibakiwa na kipande kimoja cha anga, kilichokuwa kinapita juu yetu alfajiri. Ndani yake kulikuwa na mapacha ambao picha ya kwanza iliwaonyesha kwa ukungu tu, nami nilitamani sana kujua ni kimoja au viwili. Tulihitaji asubuhi kadhaa za utulivu, na lori la kuchukua antena kuzipeleka mkoa mwingine lilikuwa limepangwa kuja baada ya wiki chache. Shida ni kwamba salfa, dawa ya unga ya mikorosho, hupulizwa alfajiri hiyo hiyo, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Mashine ya kupulizia ina plagi, na kila cheche ya plagi hulia kwenye antena. Ikiwaka moja tu shamba la jirani, picha nzima hujaa michirizi kama mvua.

Mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mwenye mikorosho yake mwenyewe, alituahidi, tulipoomba kwenye mkutano wa kijiji, kwamba mashine zitanyamaza. Zikanyamaza kweli. Nilishangaa, maana mkorosho usiopigwa salfa huingiwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na maua yakishaharibika hakuna korosho. Kisha, kabla hatujapata asubuhi za kutosha, akaja kututembelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, vyanzo mmeviona?"

"Tumeviona, mama. Vingi mno."

"Alhamdulillahi. Vya karibu?"

"Hata cha karibu kiko mbali sana."

Akaguna. "Na kuchimba je, mita ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye mkutano ule tulikuwa tumesema tunatafuta vyanzo, na Likawage mtu akisema vyanzo anasema maji. Kitongoji kizima kilikuwa kimezima mashine kikingoja kisima.

Mkuu aliomba mkutano mwingine jioni ile ile, akaeleza kila kitu na kuomba radhi. Jamaa mmoja aliyekaa nyuma akasimama. "Kwa hiyo korosho zangu zinaota unga ili nyie msikilize nyota zikikoroma?"

Watu wakaangua kicheko, na mkuu mwenyewe akacheka.

"Hiyo mbingu si inazunguka?" mama mwenyekiti akauliza. "Ngojeni irudi."

"Baada ya miezi miwili kipande hicho kitapita usiku, mashine zimelala," mkuu akajibu. "Lakini lori halingoji."

"Basi ugomvi wenu ni na lori."

Kesho yake mashine zikawaka pande zote, na sikuwa na la kulaumu. Nilikaa mbele ya michirizi nikiangalia. Hata hivyo siku ya Ijumaa michirizi ilipungua, kwa kuwa Waislamu hawaendi shambani siku hiyo. Jumapili ikapungua tena, Wakatoliki wako kanisani. Ila hapakuwa na siku ambayo wote walinyamaza. Nilipomwambia mama mwenyekiti, alinitazama kidogo, akajitanda vizuri, akaondoka kwenda kwa katekista, kiongozi wa Wakatoliki pale kitongojini. Nikamfuata.

"Ijumaa tu na nyie msiwashe," akamwambia. "Jumamosi mashine zetu zote zitaanza na mashamba yenu."

"Zote?"

"Zote. Na langu litakuwa la mwisho."

Katekista akakubali. Watani wake hawakumwacha. "Katekista anasilimu!" walimpigia kelele njiani.

"Nasilimu alfajiri tu," akawajibu. "Jua likipanda narudi."

Hivyo tukapata Ijumaa. Ya kwanza iliharibiwa na pikipiki iliyopeleka mgonjwa zahanati, na hiyo hatukuinung'unikia. Zilizofuata zilikuwa safi. Ijumaa ya mwisho tuliunganisha picha zote, na mama mwenyekiti akaja kuangalia alichotupatia. Uzi ulikuwepo, hafifu kama unywele kwenye maji.

"Kimoja," mkuu akasema. Nikaandika kimoja.

Mama akasogeza uso karibu na kioo. "Kiko mbali kiasi gani?"

Mkuu akajaribu kumweleza, kisha akasema hata yeye huwa hapati picha kamili. Mama akauliza, "Hicho kimeandikwa. Chetu nani atakiandika?"

Mkuu hakuahidi kisima. Alisema kuna wataalamu wanaopima maji yaliyo chini ya ardhi, na atakwenda mwenyewe ofisini kwao wilayani kuwaeleza. Mama akasema atakwenda naye, asije akatumia tena neno watakalolielewa vingine.

Kesho yake, Jumamosi, waliondoka kwa pikipiki moja kuelekea wilayani, ofisi zikifunguliwa Jumatatu wawe mlangoni, nami nikapanda juu ya lori, nimekalia mabunda ya wavu. Njia ilipita kando ya shamba la katekista. Mashine zote za kitongoji zilikuwa humo, na vumbi la njano lilikuwa limefunika mikorosho na barabara. Dereva akapandisha vioo. Mimi sikuwa na kioo cha kupandisha. Katekista alitokeza kwenye vumbi, akaniona nafuta macho, akapaza sauti juu ya mngurumo, "Usilie, bwana! Utarudi!"

Ilikuwa salfa, lakini sikumsahihisha.