Shimo Analijua Mwenye Nyumba

Siku ile naikumbuka kwa miguu, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Hata leo nikikuta ardhi iliyofunikwa na majani ya maboga, miguu husimama yenyewe, nami huijaribu kwanza kwa fimbo. Umeniuliza ni wapi huku kwetu mtu anaweza kuokota vipande vya mti uliogeuka jiwe, mahali pa kufikika kwa urahisi, bila kugombana na watu wala na serikali. Nitakujibu. Lakini jibu langu limekaa ndani ya hofu ya zamani, na itabidi tupitie humo ili tulifikie.

Ilikuwa miaka ya sabini, nasi tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kijijini. Watu wa upande wetu wa Kasanda, ambao enzi hizo ulikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo, walizoea kukaa mbalimbali, kila mzee na kilima chake, kila kilima na migomba yake. Tukateremshwa barabarani, nyumba zikapangwa mstari. Kule juu yakabaki mahame: ua wa minyaa usiozunguka kitu, mafiga yasiyo na chungu, makaburi yasiyo na wa kuyapalilia. Kurudi huko kulikatazwa. Mgambo walizunguka, na kijana akikamatwa, baba yake aliitwa mbele ya mkutano wa kijiji akaaibishwa.

Kaka yangu Filipo hakuwa mtundu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa mawe. Mwalimu wake wa Kasulu alimwonyesha kipande cha mti-jiwe: ukikitazama ni mti, na mafundo yake na nyuzi zake zote, ukikishika ni jiwe, kizito na baridi kama samaki. Tangu hapo Filipo alitembea akitazama chini. Mama alimcheka, akisema, "Huyu mwanangu ataniletea mkwe wa jiwe."

Basi akasikia kwamba katika mahame ya Mzee Kagoma mvua imefumua vipande vinene kama paja la mtu. Angeweza kwenda kumwuliza. Mzee Kagoma alikaa kijiji kile kile, kwenye mstari ule ule wa nyumba. Lakini Filipo alisema, "Odilia, pale hapana mtu tena. Utamwomba nani ruhusa, migomba?" Nami nikacheka. Kuuliza si ujinga, husema wahenga, ila ujana huona kuuliza ni kujichelewesha.

Tulitoka asubuhi, umande haujakauka, bila kumuaga mama.

Mwanangu, huijui hofu ya mahame mpaka uingie ndani yake. Msitu unatisha kwa sababu hukai humo. Mahame yanatisha kwa sababu watu walikaa. Palikuwa na mlango umesimama peke yake, ukuta umeanguka pembeni. Majani makavu ya migomba yalisuguana, na kila yaliposuguana nilidhani mtu anafuta miguu yake apate kuingia. Kwetu huku huingii mji wa mtu kimya. Unasimama nje ya ua, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," ndiyo salamu yetu, kisha unangoja kuitikiwa. Nilipopita pale penye mwanya wa minyaa mikono yangu ilijiinua yenyewe kutaka kupiga makofi. Filipo akanishika.

"Unaamkia nani, wewe? Mizimu?"

"Kaka, turudi."

"Rudi, uwaambie ulikimbizwa na mgomba."

Na mti-jiwe ulikuwapo, sitakuficha. Ulikuwa mzuri wa kutia wazimu, mwekundu kama udongo wa tanuri, na ndani una mishipa myeupe. Filipo alikumbatia kipande kikubwa kama mtoto mchanga, akaanza kurudi kinyumenyume kupitia kwenye maboga yaliyojiotea, akinicheka kwa furaha. Hatua moja zaidi akazama.

Hakupiga kelele. Ardhi ilitoa mlio mfupi wa mti uliooza, naye akawa kifua na mikono tu juu ya majani. Lilikuwa shimo la choo cha zamani. Magogo yaliyolifunika yalikuwa yamelika na mchwa, na maboga yametanda juu yake kama mkeka. Jiwe lilimtoka. Nikalisikia likitua, na lilichelewa kutua.

Nikamkimbilia. "Usije!" akasema kwa sauti ya chini, macho yamemtoka. "Udongo unakatika. Lala chini. Usije." Kisha, mwanangu, akasema neno ambalo mpaka leo linanitia baridi: "Na usipige kelele. Mgambo watasikia. Baba ataaibika."

Nikalala kifudifudi, nikimtazama kaka yangu akishika shina la boga. Shina la boga! Kila alipovuta pumzi, udongo ulidondoka kutoka ukingoni kuelekea kule chini. Nami nilikaa kimya, kwa sababu nilizoea kumtii. Nilikuwa na hofu mbili: hofu ya shimo na hofu ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nikiyaficha maradhi huku nakitazama kifo usoni.

Kiwiko chake kimoja kikateleza.

Hapo nikapiga induru. Ninyi siku hizi mna simu. Sisi tulikuwa na induru, ukelele mrefu wa kuita msaada, ambao haupigwi kwa mchezo, na anayeusikia huangusha jembe akaja, hata kama anayelia ni adui yake. Na anayeupiga hanyamazi mpaka afikiwe. Nililia mpaka nikaona giza.

Aliyetokea wa kwanza alitoka ndani ya migomba, karibu mno, panga mkononi. Nilidhani ni mzimu kweli. Alikuwa Mzee Kagoma. Kumbe alikuwa akipanda huko kwa siri kupalilia makaburi ya wazazi wake, na tulipofika alikuwa amejibanza, akituogopa sisi kama sisi tulivyoyaogopa majani. Angeweza kubaki amejificha. Akishikwa, yeye ndiye angepata kesi kubwa kuliko yetu. Lakini induru ni induru.

"Mmoja au wawili?" akauliza.

"Mmoja, babu!"

"Amezama mpaka wapi?"

"Kifuani!"

"Usimwendee. Zunguka huku, upande huu ni mwamba. Kimbia!"

Alikata mianzi iliyoota kando ya ua wake mwenyewe, akailaza juu ya shimo, akaniambia nikalie ncha zake. Kisha akatambaa kwa tumbo, mzee yule, akapitisha kitenge changu kwapani mwa Filipo. "Sasa we mwizi wa mawe," akamwambia, "vuta pumzi kama mtu anayetaka kuishi." Tukavuta. Nilisikia kitenge kikichanika, nikasikia mwanzi ukilia, nikadhani basi. Filipo akatoka, akalala juu ya mwamba akitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Nikangoja tupigwe. Mzee Kagoma hakutupiga. Akauonyesha kwa kidole mwanya wa minyaa. "Tokeni nje ya ua wangu. Halafu mje tena, mje kama watu."

Tukatoka. Filipo, matope mpaka shingoni, akasimama nje akapiga makofi. "Mwakeye, babu." Mzee akaitikia polepole, salamu yote, ya afya, ya wazazi, ya mashamba, wala hakuruka hata neno. Ndipo akasema:

"Mngeniuliza, ningewaambia: chukueni mawe, mimi hayanisaidii kitu, ila msipite kwenye maboga. Mnadhani hodi ni heshima ya mwenye nyumba? Hodi ni ya kumwokoa mgeni. Shimo analijua mwenye nyumba."

Mgambo walifika wakihema, wameitikia induru kama watu wengine. Mkubwa wao alimtazama mzee, akalitazama panga, akayatazama makaburi yaliyopaliliwa upya. "Mzee, wewe ulifikaje huku kabla yetu?"

"Nilisikia induru."

Yule bwana akayapa makaburi kisogo. "Masikio yako mazuri, mzee," akasema. "Haya, tuteremke wote." Baba yetu hakuitwa mkutanoni, wala Mzee Kagoma hakuitwa. Filipo hakuliacha pendo la mawe, ila tangu siku hiyo kabla ya kuokota alitafuta kwanza mtu wa kumsalimu.

Sasa jibu lako, mwanangu. Nenda kivukoni ambako kila mtu huteka maji, mto ukishapungua baada ya masika. Mawe ya mti huletwa na maji na kuachwa kwenye changarawe, mahali peupe, mbele ya macho ya watu. Nenda penye machimbo ya zamani ya changarawe kando ya barabara, lakini usiingie chini ya ukuta wake. Nenda kwenye shamba la mtu anayelalamika kwamba mawe yanamvunjia majembe, huyo atakushukuru. Kila mahali anza kwa mwenyekiti wa kijiji, umwambie wewe ni nani na unatafuta nini. Kaulize ofisi ya madini kabla hujabeba zaidi ya kipande cha kuwekea dirishani, maana vilivyo ardhini vina sheria. Msitu wa hifadhi uache, mpakani usinyemelee, na makaburi yapite mbali. Ukiona mahali hapana mtu, usiseme hapana mwenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Muage mama yako kila unapotoka, umtajie na kilima. Na ukizama, piga kelele. Aibu hupona; mtu akifika chini ya shimo harudi.

Nenda, mwanangu. Ardhi ikubebe, usiyoijua na unayoijua. Kila ua utakaousimamia, aitikie mtu. Na Mungu akurudishe mikono ikiwa mizito na moyo ukiwa mwepesi.