Mama ametufungia mlango porini

Leo mama yangu ametufungia mlango, porini, mvua ikinyesha.

Tulikuwa tumetembea mwendo mrefu kutoka tulipoacha gari. Maji na chakula vyote mgongoni, maana kando ya ziwa tulikokwenda kupumzika hakuna duka wala jirani. Kuna hema moja tu, kubwa, la duara, lenye mlango wa mbao.

Mama akaingia wa kwanza, akatia komeo.

"Mama, fungua, tunalowa."

Hakufungua.

Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza kama bibi yake amekasirika. Nikadhani ni hema ndilo limemuudhi. Mama aliishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, na mimi nimemleta kwenye hema jingine eti apumzike baada ya lockdown ya korona, tulivyofungiwa nyumbani kwetu Guildford.

Kisha Mama akasema kutoka ndani, "Pigeni hodi."

Tukapiga.

Akafungua, akarudi kuketi chini, miguu ameinyoosha, kitenge kichwani, kama anavyokaa mfiwa.

Hapo nikaelewa. Dada yake alifariki Bukavu wakati tumefungiwa ndani. Pole zote zilikuja kwa simu. Hakuna aliyeruhusiwa kuja kwetu.

Nikatua dumu la maji, nikamshika mkono. "Pole sana, Mama."

Binti yangu naye akasema pole. Kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote.

Nikageuka kufunga mlango, mvua ilikuwa inaingia.

"Acha wazi," Mama akasema. "Wengine wakija je?"

Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Jamani, pigeni hodi hapa chini, kwenye maoni. Nitamsomea kila jina.