Senti Mbili Juu ya Sindano

Tangu Lesetja Ramokgadi alete nyumbani amplifaya mpya, mimi sikupata Jumamosi ya amani. Nyumba zetu hapa Mamelodi zimegusana ukuta kwa ukuta. Akikohoa nasikia, akigombana na mkewe Raesibe nasikia, na akiweka santuri hata vikombe vyangu kabatini vinajua ni wimbo gani. Hilo halikuwa tatizo. Mimi ni katibu wa klabu yetu ya jazz, na muziki mzuri ukinijia bure kupitia ukutani, nikatae kwa nini? Tatizo ni kwamba alikuwa anapiga wimbo mmoja tu, na kila ukifika mahali pale pale, anatukana.

Ni wimbo wa mwisho, upande wa pili, wa santuri iliyorekodiwa na vijana wa hapa kwetu mwaka wa sabini na sita. Anayepuliza filimbi ni Matsobane, kaka yake Lesetja. Mwaka uliofuata Matsobane alivuka mpaka kwenda uhamishoni, kuwakimbia Makaburu, na hatukumwona tena. Barua hakuna, kaburi halijulikani. Kilichobaki ni hiyo filimbi, dakika moja na ushee, na Lesetja huapa kwamba katikati yake, kabla ya kupanda juu, unamsikia kaka yake akivuta pumzi. Sisi wengine hapo tulikuwa tunasikia mkwaruzo tu, kama mtu anakaanga vitunguu.

Alipostaafu kiwandani alinifuata uani kwangu, furaha imemjaa. "Dada Mmaphuti, umri unakwenda na masikio yanataka kufunga duka. Kabla hayajafunga, nataka niisikie pumzi ya Matsobane safi, kama yupo chumbani."

Basi ikaja amplifaya. Mkwaruzo ukaongezeka. Akasema ni spika, zimezeeka. Zikaja spika mpya, ndefu kama watoto wa darasa la kwanza, na sasa mkwaruzo ukawa na kushoto na kulia. Akasema waya. Akabadilisha waya zote, akaweka nene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Akanunua kichwa kipya cha sindano, kutoka duka la mjini ambako muuzaji anavaa glavu nyeupe. Akaweka matofali chini ya spika, akayatoa, akayarudisha. Akashusha blanketi la harusi la Raesibe kabatini na kulipigilia misumari dirishani.

"Misumari, Mmaphuti!" Raesibe alinililia kupitia uzio. "Blanketi la mama yangu! Na makochi amenitolea nje ili sauti ipumue. Sauti ipumue, mimi nikae wapi?"

Kuna kitu kinachoudhi zaidi ya chombo kibovu, nacho ni chombo kizuri kinachokuonyesha ubovu. Kila alichonunua kilifanya kazi yake. Besi ilikuwa nzito na tamu, ngoma unazihesabu, piano iko pale kwenye kona unaweza kuisalimia. Halafu inaingia filimbi, na vitunguu vinaanza kukaangwa. Nilimhurumia, lakini pia nilitamani kumnyonga. Miezi minne!

Na zamu ya klabu ilikuwa inakuja. Kila mwezi mwanachama mmoja hutukaribisha Jumapili: tunakula matumbo, tunasikiliza santuri, na kila mtu anaingia katikati peke yake kuonyesha hatua zake. Lesetja alikuwa ametandika sakafu ya mbao sebuleni kwa ajili hiyo tu. Hatua yake maarufu ilikuwa kwenye wimbo huo huo. Filimbi inapiga, yeye anateleza na viatu vyake vya rangi mbili, halafu anaukita mguu na kujizungusha mara moja. Hata Atteridgeville, upande wa pili wa jiji, wanamjua kwa mzunguko ule. Sasa alikuwa ametangaza kwamba Jumapili hiyo klabu nzima itamsikia Matsobane akipumua.

Jumamosi, siku moja kabla, akaja Kgashane Ledwaba kuchungulia. Kgashane ana santuri nyingi kuliko mtu yeyote hapa kwetu, kila moja imefungwa kwenye nailoni, na hazipigi. Yeye na Lesetja wamechokozana tangu ujana. Nilikuwa pale kupanga viti.

"Nimekuja kusikia pumzi," alisema Kgashane. "Au kwanza tununue spika nyingine?"

"Wewe nyamaza. Wewe huna maktaba ya santuri, una mochwari."

"Maiti zangu hazikwaruzi, mzee."

Lesetja akaipiga. Filimbi, vitunguu. Kgashane hakucheka. Aliinama juu ya mtambo, akavaa miwani, akakaa hapo muda.

"Na hii ni nini?"

"Ipi?"

"Hii hapa, juu ya kichwa cha sindano."

"Hiyo ni senti mbili ya Matsobane."

Wote tuliijua hiyo sarafu. Matsobane aliibandika mwenyewe kwa gundi wiki aliyoondoka, maana mdogo wake akicheza, sindano ilikuwa inaruka. Kila mtambo Lesetja aliowahi kuwa nao, sarafu ilihamishiwa huko. Na kwenye kichwa kipya cha muuzaji wa glavu nyeupe, kitu cha kwanza alichofanya ni kuibandika. Kwetu wengi hufanya hivyo. Tulikuwa tumeiona mara elfu, na ndiyo sababu hakuna aliyeiona.

"Itoe," alisema Kgashane.

"Haitoki."

"Lesetja. Itoe, bwana."

Ilitolewa kwa kisu cha mezani. Wimbo ukapigwa upya. Besi ikawa tamu zaidi, piano ikasogea karibu, na filimbi ikakwaruza vile vile.

"Imeshakwisha," Kgashane alisema polepole. "Uzito huo umeilima santuri, ndugu yangu. Na umelima zaidi pale ulipopapiga zaidi. Sindano mpya haiwezi kurudisha kilichong'olewa."

Lesetja aliegemea spika yake mpya. Kiganjani alikuwa ameshika ile senti mbili. "Mimi ndiye niliyemmaliza," alisema. "Kila Jumapili namwita aje, kumbe namkwangua." Raesibe alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mimi nilikwenda kupanga viti ambavyo nilikuwa nimeshavipanga.

Jumapili watu walikuja, wapata arobaini, wanaume na kofia zao, wanawake na glavu zao. Lesetja alipiga nyimbo za wengine na hakuingia katikati hata mara moja. Walipomwomba filimbi alisema imeharibika, na alisema kwa ukali hata wakaacha. Chakula kilikuwa kinaondolewa Kgashane alipoingia na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na nailoni, ndani ya nailoni gazeti, ndani ya gazeti ile santuri, inang'aa.

"Niliinunua wiki ilipotoka," alisema. "Nimeipiga mara mbili. Sipendi filimbi."

Hakuna aliyecheka, wala Lesetja hakumchokoza.

"Masharti," Kgashane akaendelea. "Sarafu hakuna. Na hakuna kucheza."

Akashusha sindano. Mtu mmoja nyuma akabadilisha mguu wa kusimamia, ubao ukanesa, sindano ikaruka. Kgashane alipiga yowe kama aliyekanyagwa yeye.

"Vueni viatu! Wote!"

Mjue kwamba kwetu viatu ndiyo heshima ya klabu. Mtu huvisugua tangu Ijumaa. Wakavua hata hivyo, wakavipanga ukutani, na soksi zikaonekana na matundu yake. Mzee mmoja alijaribu kuficha kidole gumba nyuma ya kisigino. Lesetja alivua vyake mwisho kabisa. Nikasimama kando yake.

Wimbo ulianza. Arobaini, hakuna hata mmoja aliyetikisika. Filimbi ikaingia, nyembamba, safi, na nilishtuka kwa sababu ilikuwa ya kijana mdogo kabisa. Nikauona mguu wa Lesetja unaanza kuinuka wenyewe, maana tulikuwa tunakaribia mahali pa mzunguko. Nikaukanyaga. Nikaubana pale pale ubaoni kwa soksi yangu, na yeye akanishika mkono hadi ukauma.

Na mahali penyewe, palipokuwa na vitunguu miaka yote, palikuwa na mtu anavuta hewa. Fupi, yenye haraka, kama anayetaka kusema jambo. Kisha filimbi ikapanda.

Wimbo ulipokwisha, Kgashane aliinua sindano. Watu walianza kupapasa viatu vyao ukutani.

"Ni hapo hapo," Lesetja aliniambia. "Miaka yote hii najizungusha hapo hapo, nikikita mguu. Yeye anavuta pumzi, mimi namkita."

Kgashane alikuwa ameishika santuri yake kwa kingo, gazeti liko tayari. Alimtazama Lesetja, akaitazama santuri, akairudisha juu ya mtambo.

"Nyie," alisema bila kugeuka, "viatu msivae kwanza."