Ndege ya Mbao za Mama

Mama aliziweka mbao zake darini, juu ya jiko, ili moshi uzikaushe na wadudu wasizisogelee. Zilitokana na mti wa msizi ambao marehemu baba aliupanda pembezoni mwa kibanja chetu cha migomba, kijijini Songambele. Kijiji kizima kilijua ni za nini. Kwetu wapo wazee wanaojiwekea mbao za jeneza mapema, wasije wakawahangaisha watoto siku ya msiba. Mama alizitaja kwa furaha, kama mtu aliyenunua kitenge cha Krismasi tangu Agosti. Mimi sikupenda hata kuzitazama.

Mdogo wangu ndiye aliyezishusha. Alikuwa fundi wa redio na simu pale Rubwera mpaka moyo ulipomshinda, akarudi nyumbani kwa mama. Daktari alimkataza jembe na mizigo. Tangu utoto alitaka kuwa rubani, na moyo huohuo ulimfungia mlango siku ya kwanza alipopimwa. Nilidhani ndoto hiyo ilishakufa. Kumbe ilikuwa imelala tu.

“Dada, nitajenga chumba cha rubani humu stoo ya kahawa,” aliniambia siku nilipotoka Rubwera, ninakouza vitenge, kwenda kumjulia hali. “Ukubwa wake kamili. Mtu anaingia, anakaa, anafunga mkanda. Kompyuta itamwonyesha anga na nchi yote.”

“Na abiria watalipia wapi?” nilimuuliza. Mdomo wangu hauna breki.

Plaiwudi aliyokuwa nayo ilitosha ubao wa mbele wa mita na swichi, basi. Sakafu na kuta zilitaka mbao za kweli. Mama akamwambia achukue zake. Nilikuja juu. Nilimwambia mama kwamba mtu hachezei vitu kama vile.

“Mimi sijafa,” alisema. “Zinakaa bure tu huko juu. Na huyu ni mwanangu; ng'ombe haelemewi na nunduye.”

Basi mdogo wangu akaanza kujenga. Swichi zilikuwa za taa za kawaida, vifundo vya kuzungusha vilitoka kwenye redio mbovu, na mkono wa kuongezea moto wa injini ulikuwa kipande cha mpini wa jembe. Kiti cha rubani alikitoa kwenye gari bovu. Kazi ilikuwa nzuri, sitamnyima sifa yake, ila chumba kilitoka kirefu kupita kiasi. Nyuma ya viti palibaki nafasi ya kupanga magunia.

“Hii ni ndege au mtumbwi wa kukamulia pombe ya rubisi?” nilimtania. “Si ukate hizo mbao!”

“Ndege haikatwi mkia, dada.”

Kilichoniudhi zaidi ni skrubu. Misumari ilikuwepo, na nyundo ilikuwepo, lakini yeye alizungusha bisibisi kwa mkono, anazungusha kidogo, anakaa chini kutafuta pumzi, anainuka tena. Nilimfokea kwamba anajiua kwa ukaidi. Akacheka, akasema hana haraka ya kwenda popote.

Ndege ilipokamilika, abiria wa kwanza alikuwa mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kujifunga kilemba, kwa sababu alisema mtu hasafiri ovyo. Waliruka kutoka Bukoba, wakaliona ziwa, kisha mdogo wangu akageuza usukani kuja huku kwetu. Mimi nilisimama mlangoni, nimekunja mikono, nikijifanya sina habari.

“Kibanja chetu kiko wapi?” mama aliuliza.

Kwenye skrini palikuwa na kijani kitupu na vilima.

“Mbona sioni mgomba hata mmoja?”

“Nitaipanda migomba, mama. Nitachora na nyumba. Nipe muda kidogo tu.”

Tulicheka sote, kisha kikohozi kikamkamata mdogo wangu mpaka akaegemea ukuta. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Muda hakuupata. Alifariki asubuhi moja ya mvua, mama akiwa bado anamkorogea uji.

Majirani walijaa uani kama ilivyo desturi, wanawake na mikungu yao ya ndizi, wanaume na majembe. Mmoja wao, fundi seremala, akauliza mbao ziko wapi. Mama akanyoosha kidole kuelekea stoo. Mimi nikakimbia nikaziba mlango. Nilipiga kelele kwamba nitaagiza mbao nyingine mjini, kwamba kazi ya mikono yake haitavunjwa na mtu nikiwa hai. Fundi alisimama na shoka lake, hajui la kufanya.

Mama alikuja taratibu. Mkononi alikuwa na bisibisi.

“Mwanangu, tupishe. Haivunjwi, inafunguliwa. Alinionyesha mwenyewe. Alisema, mama, siku yako ikifika watazikuta nzima.”

Nikapisha. Skrubu zilitoka moja moja, na mbao zikafuata, ndefu vilevile kama zilivyoshuka darini. Hakuna iliyopasuka, hakuna aliyoipunguza hata kidole. Ndipo nilipojua kwa nini ndege ilikuwa ndefu, na pumzi yake yote iliishia wapi. Nililia mbele za watu kama mtoto.

Tulimzika ndani ya mbao hizo, kibanjani, kando ya baba.

Matanga yalipokwisha nilimkuta mama stoo. Kile kiti cha gari kilikuwa kimebaki palepale, kimeuelekea ukuta mtupu, naye amekikalia, ungo wa maharage mapajani.

“Mama, nitakununulia mbao nyingine,” nilimwambia. “Nzuri zaidi.”

“Usininunulie.” Hakuinua macho. “Ile safari ilikuwa yangu, kaenda yeye. Sasa sina cha kuondokea. Itabidi nikae.”

Akaendelea kuchambua maharage.